Sindano ya Kulegeza Misuli ya Uso: Madhara Yanayochelewa na Namna ya Kuyatambua

Igunga ni mji wa barabarani. Mabasi yatokayo Dar es Salaam na Dodoma hupita Singida, huteremka mlima Sekenke, huvuka mbuga ya Wembere na kuingia Igunga kabla ya kufika Nzega, ambako njia hugawanyika, moja ikielekea Tabora na nyingine Mwanza. Nchi hii ya Unyamwezi imezoea kupokea vitu vya mbali. Katika karne ya 19 misafara ya Pwani ilileta Unyanyembe vitambaa na shanga, na pamoja navyo ikaleta ndui. Bidhaa na maradhi vimesafiri njia moja tangu zamani.

Siku hizi miongoni mwa vitu vinavyosafiri kwa njia hiyo zimo huduma za urembo. Msafiri anaweza kuchomwa sindano ya kuondoa makunyanzi ya uso jijini, akapanda basi kesho yake, akarudi nyumbani Igunga bila dalili yoyote. Dawa iliyomo katika sindano hiyo haifanyi kazi siku ile ile. Huanza kujionyesha baada ya siku mbili au tatu, na hufikia kilele chake baada ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo, iwapo madhara yatatokea, mara nyingi yatatokea mbali na aliyechoma sindano, na mtu wa kwanza kuyaona atakuwa mhudumu wa zahanati, wa kituo cha afya au wa hospitali ya wilaya ambaye hakuambiwa habari za sindano hiyo. Makala haya yanaeleza madhara hayo ni yapi, yepi ni ya kusubiri na yepi ni ya dharura, na ni swali gani linaloweza kuokoa uhai.

Dawa hii ni nini

Sindano hii hutengenezwa kwa sumu ya botulinamu, inayofahamika zaidi kwa jina la kibiashara la Botox, ingawa yapo majina mengine ya kibiashara. Sumu hiyo hutolewa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake huishi udongoni na hukua mahali pasipo hewa ya oksijeni. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji, kwa kuwa daktari Justinus Kerner wa Ujerumani ndiye aliyeeleza kwa kina, kati ya 1817 na 1822, ugonjwa uliowapata watu waliokula soseji zilizoharibika. Bakteria mwenyewe alitambuliwa na Émile van Ermengem baada ya watu kuugua nchini Ubelgiji mwaka 1895 kwa kula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa vibaya.

Ugonjwa unaotokana na sumu hii huitwa botulizimu, na Afrika Mashariki imewahi kuuona. Kenya ilipata wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kutokana na kumbikumbi waliohifadhiwa vibaya na pia kutokana na maziwa ya mgando. Uganda ilipata wagonjwa watatu katika shule ya bweni mwaka 2008, na mmoja wao alifariki. Hivyo ugonjwa wenyewe si mgeni katika ukanda huu. Kipya ni njia yake ya kuingia mwilini, yaani sindano ambayo mtu ameilipia kwa hiari yake.

Ili kuyaelewa madhara, ni lazima kuelewa kazi ya dawa. Neva inapotaka msuli ujikunje, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini katika makutano yake na msuli. Sumu ya botulinamu huingia katika ncha ya neva na kukata protini inayowezesha vifuko vya asetilikolini kumwaga kilichomo. Msuli hubaki mzima na neva hubaki hai, lakini ujumbe hauvuki. Msuli usiopata ujumbe hulegea, na ngozi iliyo juu yake huacha kujikunja. Baada ya miezi mitatu au minne neva hurudisha uwezo wake, na makunyanzi hurejea.

Kwa dozi ndogo iliyopimwa vizuri, sumu hii ni dawa yenye manufaa makubwa. Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa ajili ya makengeza na kwa kope zinazojikaza zenyewe, na mwaka 2002 kwa makunyanzi yaliyo katikati ya nyusi. Hutumika pia kulegeza misuli iliyokakamaa baada ya kiharusi na kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, kupunguza jasho la kupindukia kwapani, na kuzuia kipandauso sugu. Dawa ni ile ile. Usalama wake unategemea kiasi, mahali inapochomwa, ujuzi wa mkono unaochoma, na uhalali wa kichupa ilimotoka.

Madhara ya kawaida yasiyotisha

Mahali palipochomwa huweza kuuma, kuvimba kidogo, kuwa pekundu au kuvilia damu. Mtu anayetumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda huvilia zaidi. Wengine huumwa kichwa kwa siku moja au mbili. Inafaa kujua kwamba katika majaribio yaliyotangulia idhini ya 2002, kuumwa kichwa kulitokea pia kwa watu waliochomwa sindano isiyo na dawa, kwa hiyo si kila maumivu ya kichwa yanatokana na sumu yenyewe. Dalili hizi hupita zenyewe. Kitambaa chenye maji baridi na parasetamoli kwa kawaida vinatosha.

Wekundu unaozidi, joto, maumivu yanayoongezeka na usaha ni jambo jingine. Hizo ni dalili za maambukizi, na humaanisha kwamba ngozi, sindano au dawa haikuwa safi. Pale sindano moja ilipotumika kwa zaidi ya mtu mmoja, au kichupa kimoja kilipochotwa mara nyingi kwa sindano zilizokwisha kutumika, mgonjwa ashauriwe pia kupima virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B na C. Iwapo tukio hilo halijapita saa 72, apimwe kufaa kwake kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya UKIMWI mara moja.

Dawa inapogusa misuli ya jirani

Misuli ya uso ni myembamba na imepakana. Dawa iliyokusudiwa msuli mmoja inaweza kupenya na kufikia wa jirani, hasa ikiwa imechanganywa na maji mengi, imechomwa karibu mno na jicho, au uso umesuguliwa muda mfupi baada ya sindano. Matokeo hutegemea msuli uliofikiwa.

La kwanza ni kulegea kwa kope ya juu. Katika majaribio ya dawa hii kwa makunyanzi ya katikati ya nyusi, lilitokea kwa takribani watu 3 katika kila 100. Kope hushuka siku kadhaa baada ya sindano, mara nyingi upande mmoja, na hupanda tena baada ya wiki chache. Matone ya jicho ya apraklonidini huweza kuinua kope kwa milimita moja au mbili wakati mgonjwa akisubiri, lakini hayaondoi sumu.

Jingine ni kushuka kwa nyusi, ambapo mgonjwa huhisi paji la uso zito. Dawa ikifikia misuli inayozungusha jicho, mtu huona vitu viwili viwili. Ikichomwa karibu na mdomo, tabasamu huenda upande, mate huchuruzika na maneno hayatamkiki sawasawa. Jicho huweza pia kukauka kwa sababu halifumbi vizuri, na hilo lahitaji matone ya kulainisha pamoja na uangalizi, kwani kioo cha jicho kisichofunikwa hupata vidonda.

Madhara haya huudhi na hufedhehesha, lakini yakibaki usoni tu hayahatarishi uhai. Hakuna dawa inayoweza kuyafuta kwa siku moja. Mgonjwa aelezwe wazi kwamba yatapita, na aonywe asikubali kuchomwa sindano nyingine ya “kusawazisha” kabla ya kuonwa na mtaalamu. Mwenye kuona vitu viwili viwili asiendeshe gari wala pikipiki.

Dawa inapofika mbali

Madhara ya kuogopwa ni pale sumu inapovuka mahali ilipochomwa na kudhoofisha misuli ya kumeza, ya koo na ya kupumua. Mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za aina hii ziwekewe onyo zito kuhusu hatari hiyo, ikieleza kwamba dalili huweza kuanza saa kadhaa hadi wiki kadhaa baada ya sindano. Kwa dozi ya urembo iliyoidhinishwa na ikichomwa ipasavyo, jambo hili ni nadra mno. Hatari huongezeka dozi inapokuwa kubwa, kama inavyotokea katika matibabu ya misuli iliyokakamaa, dawa inapochomwa shingoni, na zaidi ya yote, dawa inapokuwa ya kughushi au isiyojulikana nguvu yake.

Mifano ya nchi nyingine inafundisha. Mwaka 2004 watu wanne walipooza huko Florida, Marekani, baada ya kuchomwa sumu ghafi ambayo haikuwahi kuruhusiwa kwa matumizi ya binadamu. Mwaka 2023 makumi ya watu waliokwenda Uturuki kuchomwa sumu hii katika ukuta wa tumbo la chakula, kwa lengo la kupunguza uzito, waliugua botulizimu, na wengi wao walikuwa wamekwisha kurudi kwao Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya dalili zilipoanza. Mwaka 2024 Marekani iliripoti wanawake 22 katika majimbo 11 waliopata madhara baada ya sindano za dawa ya kughushi au sindano zilizotolewa na watu wasio na idhini au mahali pasipo pa tiba, na nusu yao walilazwa. Uingereza nayo ilihesabu wagonjwa 38 katika wiki sita tu, kati ya Juni na Julai 2025, waliougua kutokana na sindano za urembo.

Wagonjwa wa mwaka 2023 ndio walio karibu zaidi na hali ya Igunga. Walichomwa katika mji mmoja na kuugua katika mwingine, na daktari aliyewapokea alilazimika kuuliza kuhusu safari yao ndipo aelewe ugonjwa wao.

Dalili za hatari ni hizi: kumeza kwa shida au kupaliwa na maji, sauti kuwa nzito, ya puani au dhaifu, kinywa kukauka sana, kope zote mbili kushuka, kuona vitu viwili viwili, shingo kushindwa kubeba kichwa, mikono kuishiwa nguvu, na kushindwa kuvuta pumzi hasa mgonjwa anapolala chali. Udhaifu huanzia kichwani na kushuka, pande zote mbili kwa usawa. Mgonjwa huwa hana homa, akili yake i timamu, na anahisi mguso kama kawaida. Mwenye dalili hata moja kati ya kumeza, kusema na kupumua kwa shida asisubiri asubuhi.

Kope iliyolegea ina asili nyingi

Mhudumu wa Igunga hukutana na kope iliyolegea kwa sababu nyingine nyingi, naye ana ujuzi wa kuzitofautisha.

Sumu ya nyoka kama swila na koboko hulegeza kope na kuzuia pumzi kwa namna inayofanana sana na botulizimu. Tofauti kubwa ni muda. Sumu ya nyoka huenda kwa dakika na saa, ilhali hii ya sindano huenda kwa siku.

Wilaya ya Igunga hulima pamba, na viuatilifu vinavyonyunyiziwa pamba huleta sumu inayofaa kulinganishwa na hii. Viuatilifu vya jamii ya fosfeti hai huzuia kuvunjwa kwa asetilikolini, nayo ikazidi mwilini: mate na jasho humiminika, mboni za macho husinyaa, misuli hurukaruka, tumbo huharisha. Sumu ya botulinamu hufanya kinyume, kwa kuwa huizuia asetilikolini isitoke: kinywa hukauka, mboni hupanuka, misuli hutulia na choo hufunga. Kwa hiyo atropini inayomwokoa mnyunyiziaji dawa si tiba ya mgonjwa huyu.

Kiharusi huja ghafla, kwa kawaida upande mmoja, na mara nyingi hugusa mkono na mguu wa upande huo. Kupooza kwa neva ya uso humfanya mtu ashindwe kulifumba jicho, ilhali kope iliyolegea humfanya ashindwe kulifumbua. Kope moja iliyoshuka pamoja na mboni iliyopanuka na maumivu makali ya kichwa ni dharura ya mishipa ya damu ya ubongo mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama mgonjwa amekiri kuchomwa sindano. Ugonjwa wa miasthenia gravis, ambao kinga ya mwili hushambulia makutano ya neva na misuli, hulegeza kope zaidi jioni au baada ya kazi, na hupata nafuu kwa mapumziko.

Kuna kipimo kimoja kisicho na gharama. Mgonjwa aombwe akunje uso kama aliyekasirika, kisha ainue nyusi kama aliyeshangaa. Paji la uso lililo laini na lisilokunjika hata kidogo pande zote mbili, kwa mtu ambaye viungo vyake vingine vinafanya kazi, ni sababu tosha ya kuuliza habari za sindano.

Inafaa pia kutochanganya sindano hii na vijazo, yaani dawa nzito zinazochomwa ili kujaza midomo, mashavu au mikunjo. Madhara makubwa ya vijazo hutokana na kuziba kwa mshipa wa damu, nayo hutokea papo hapo au ndani ya saa chache: maumivu makali, ngozi kupauka kisha kuwa na madoa ya zambarau, au jicho kupoteza uwezo wa kuona. Hiyo ni dharura ya dakika. Wagonjwa wengi huziita sindano zote kwa jina moja, kwa hiyo muda wa kuanza kwa dalili husaidia kuzitenganisha.

Swali moja na namna ya kuliuliza

Watu wengi hawasemi kwamba walichomwa sindano ya urembo. Wengine huona haya mbele ya mume, mama mkwe au majirani, na wengine hawaihesabu kuwa dawa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mgonjwa huficha pale anapohofia kuchekwa, na ni wajibu wa mhudumu kuiondoa hofu hiyo. Ndugu waliomsindikiza waombwe kusubiri nje. Kisha mgonjwa aulizwe kwa upole: “Katika wiki nne zilizopita, umechomwa sindano yoyote ya uso, shingo, kwapa au tumbo, kwa ajili ya urembo, jasho au kupunguza uzito? Ulichomwa wapi, lini, na nani?” Mwanamume aulizwe sawa na mwanamke. Jibu liandikwe katika faili na kutunzwa kwa siri kama siri nyingine zote za mgonjwa.

Hatua za kuchukua

Mgonjwa mwenye dalili za hatari apimwe kwanza kupumua na kumeza. Ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Mtu mzima mwenye afya hufika takribani 40 hadi 50, na anayeshindwa kuvuka 15 hadi 20 anaelekea kuchoka. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisimdanganye mhudumu, kwa maana oksijeni huweza kuonekana nzuri mpaka dakika za mwisho ilhali misuli ya kupumua inaishiwa nguvu. Kuhesabu kurudiwe kila baada ya muda mfupi na kuandikwa pamoja na saa.

Asipewe chakula, maji wala vidonge kwa mdomo iwapo kumeza kuna shaka. Alazwe akiwa ameinuliwa kichwa au kwa ubavu, mate yafyonzwe, na mfuko wa kupumulishia uwe karibu. Dawa za usingizi ziepukwe.

Zipo dawa zinazotumika kila siku ambazo zinaweza kuuzidisha ugonjwa huu. Jentamaisini, amikasini na streptomaisini hudhoofisha zaidi makutano ya neva na misuli, na klindamaisini pia inatiliwa shaka. Sindano ya magnesiamu salfeti hufanya hivyo hivyo. Mgonjwa aliyepaliwa na kupata nimonia asianzishiwe jentamaisini kwa mazoea. Ikiwezekana apewe dawa nyingine, kama seftriaksoni pamoja na metronidazo.

Rufaa ifanywe mapema, mgonjwa akiwa bado anapumua mwenyewe. Wilaya ya Igunga ina hospitali ya wilaya na ina Hospitali ya Nkinga. Zaidi ya hapo kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini Tabora, na Bugando jijini Mwanza. Lililo muhimu ni kupiga simu kwanza na kuuliza kama kuna mashine ya kupumulia iliyo wazi, na kumsafirisha mgonjwa akiwa na mhudumu anayejua kutumia mfuko wa kupumulishia. Safari ya saa nyingi kwa gari lisilo na mhudumu wa aina hiyo ni hatari kuliko kungoja.

Ipo dawa inayopambana na sumu hii, yaani antitoksini. Hukamata sumu ambayo bado inazunguka katika damu, lakini haiwezi kuing'oa ile iliyokwisha kuingia ndani ya neva. Hivyo huzuia ugonjwa usiendelee, wala haimrudishii mgonjwa nguvu alizokwisha kupoteza, na kila saa inayopita hupunguza faida yake. Si dawa inayokaa katika stoo ya kila hospitali. Uongozi wa hospitali huiomba kupitia Wizara ya Afya, na ombi lisingoje majibu ya maabara. Mgonjwa anayesaidiwa kupumua kwa wiki au miezi kadhaa ana nafasi nzuri ya kupona, kwa kuwa neva hujirekebisha zenyewe.

Tukio liripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa kutumia fomu ya njano ya madhara ya dawa. Kichupa, boksi au hata picha ya kichupa vihifadhiwe, kwa kuwa namba ya toleo huweza kuwafikia watu wengine waliochomwa kutoka chanzo hicho kabla hawajaugua.

Ambao hawapaswi kuchomwa

Sindano hii haifai kwa mwenye miasthenia gravis au ugonjwa mwingine wa neva na misuli, kwa mwenye maambukizi mahali panapokusudiwa kuchomwa, wala kwa aliyewahi kupata mzio wa dawa hii. Baadhi ya aina zake zina chembe za protini ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo mwenye mzio wa maziwa aseme. Mjamzito na anayenyonyesha wanashauriwa kuahirisha, kwa sababu ushahidi wa usalama wake kwao hautoshi. Anayetibiwa kwa jentamaisini, au kwa dawa za kifua kikuu za jamii hiyo, amweleze daktari.

Kwa anayefikiria kuchomwa

Mtu mzima ana haki ya kuamua kuhusu uso wake, na hana sababu ya kuona haya. Lakini ana haki pia ya kupata majibu. Amwulize anayemchoma kama ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kama amefunzwa kazi hii. Aombe kuona kichupa kabla hakijafunguliwa, asome jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na aulize kama imesajiliwa na TMDA. Dawa hii huhifadhiwa kwenye jokofu, katika nyuzijoto 2 hadi 8. Kichupa kilichotoka mfukoni, kilichosafiri katika buti la basi bila barafu au kilichoagizwa mtandaoni hakina anayeweza kuthibitisha kilichomo. Ajue pia kwamba yuniti za aina moja hazilingani na za aina nyingine, na kwamba anayechoma bila kujua tofauti hiyo anaweza kuzidisha dozi maradufu bila kukusudia.

Bei ya chini mno, sherehe ya kuchomana sebuleni au saluni, na ahadi kwamba dawa “haina madhara yoyote” ni sababu tatu za kuondoka. Tanzania ina mabingwa wa ngozi, wakiwemo wanaofunzwa katika kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, na Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imeanzisha huduma za upasuaji rekebishi na wa urembo. Ushauri wa mtaalamu huweza kuonyesha kwamba kinachohitajika si sindano.

Aliyekwisha kuamua kuchomwa aombe karatasi yenye mambo matano: jina la dawa, namba ya toleo, idadi ya yuniti, mahali palipochomwa na tarehe, pamoja na simu ya aliyemchoma. Asisugue uso siku hiyo. Na kama ana safari ndefu mbele yake, kama ile ya kurudi Igunga, ni busara kuiahirisha mpaka wiki mbili zipite na daktari amwone tena. Asipoweza kuahirisha, karatasi hiyo isafiri katika mkoba wake na mtu mmoja wa nyumbani aambiwe. Siku sauti ikibadilika au maji yakigoma kupita kooni, huenda mgonjwa mwenyewe hataweza tena kueleza kilichompata, na karatasi hiyo ndiyo itakayomweleza mhudumu pa kuanzia.